Minyoo ya Mizizi: Ugonjwa wa Vifundo na Njia za Kuuzuia

Mkulima akiona mnyanya wake unalegea adhuhuri na kusimama tena jioni, hufikiri kwamba udongo umekauka, naye huongeza maji. Siku ya pili hali ni ile ile. Akiona majani yanageuka manjano, hufikiri kwamba ardhi imechoka, naye huongeza samadi, lakini miche haikui. Mwisho husema kwamba shamba limerogwa, au kwamba mbegu ilikuwa mbaya. Huliacha shamba hilo na kuanza mahali pengine, akichukua miche ya kitalu kile kile na jembe lile lile. Baada ya msimu mmoja au miwili, mahali papya pamekuwa kama pa zamani.

Karatasi hii yaeleza sababu moja ya taabu hiyo. Sababu yenyewe haionekani juu ya ardhi. Hukaa mizizini, na mtu asiyeng'oa mmea akatazama mizizi yake hataijua kamwe. Neno kubwa tutakalo kila mkulima alishike ni hili: mnyoo aletaye ugonjwa huu hatembei mbali kwa nguvu zake. Sisi wakulima ndio tumbebao. Na ikiwa ni sisi tumbebao, basi ni sisi pia tuwezao kumwacha asiende.

1. MNYOO HUYU NI NANI

Kila mtu amjua nyungunyungu, mwenye pingili mwilini, achimbaye udongo na kuutengeneza. Huyo ni rafiki wa mkulima, naye si tumsemaye hapa. Minyoo tuwasemao ni wa kabila jingine, ambao wataalamu huwaita nematoda. Mwili wao ni mwembamba na mviringo kama uzi, hauna pingili wala miguu. Mchango wa tumboni mwa watoto ni wa kabila hili. Kadhalika na minyoo waletao safura na matende.

Lakini isidhaniwe kwamba kila nematoda ni adui. Gao moja la udongo wa bustani huwa na maelfu yao, na wengi hula vijidudu na kuvu viozeshavyo takataka, na kwa kazi yao hiyo husaidia kugeuza samadi kuwa chakula cha mimea. Adui zetu ni wachache, nao hujulikana kwa alama moja: mdomoni mwao mna sindano ndogo yenye tundu ndani yake. Kwa sindano hiyo hutoboa mzizi, hutia mate yao, kisha hunyonya utomvu.

Elimu ya minyoo hii si ya jana. Mwaka 1743 mtu wa Uingereza aitwaye Needham alipasua punje za ngano zilizoharibika, akaona ndani yake minyoo midogo ikijinyonganyonga majini. Mwaka 1855 Mwingereza mwingine, Berkeley, aliandika habari za vifundo alivyoviona katika mizizi ya matango. Mwaka 1885 Treub alieleza mnyoo wa namna hii katika mizizi ya miwa huko Java, na ndiyo maana aina moja iliyoenea sana katika nchi zetu za joto hata leo ina jina la kisiwa hicho. Mwaka 1949 Mmarekani Chitwood alizipambanua aina zake kubwa, moja moja kwa jina lake.

2. MAISHA YAKE

Maisha ya mnyoo wa vifundo huanza katika yai. Ndani ya yai kinyoo hujivua ngozi mara moja, kisha hutoka nje udongo ukiwa na joto na unyevu. Urefu wake haufiki nusu ya milimita. Ukiwapanga 50 kwa mstari mmoja, hawafiki inchi moja. Kwa hiyo macho matupu hayawezi kumwona, ila kwa darubini ya kukuzia vitu.

Kinyoo huyu huogelea katika unyevu uliozunguka punje za udongo, akitafuta mzizi mchanga. Akiupata, huingia karibu na ncha yake na kwenda mpaka katikati, palipo na mishipa ipandishayo maji na chakula. Hapo huchoma chembe chache za mzizi na kuzitia mate yake. Chembe hizo hazifi, bali huvimba zikawa kubwa kupita kiasi, nazo huwa kama vyungu vya kumpikia chakula. Mzizi nao huvimba pande zote, na huo uvimbe ndio tuuitao kifundo.

Akiisha kupata vyungu vyake, mnyoo jike haondoki tena. Hunenepa mpaka awe na umbo la kibuyu kidogo chenye shingo, mweupe kama lulu, mdogo kuliko kichwa cha pini. Ukipasua kifundo kikubwa kwa kisu kikali mahali penye mwanga, waweza kumwona. Hutaga mayai 300 hata 500, pengine zaidi, yote yakiwa katika ute mzito uyalindao yasikauke upesi. Tena aina zilizoenea zaidi hazihitaji dume: jike mmoja peke yake aweza kuanzisha ukoo.

Katika udongo wenye joto, tangu yai mpaka yai jingine ni majuma manne hivi. Milimani kwenye baridi ni muda mrefu zaidi. Sasa mkulima na afanye hesabu. Tuseme kwamba katika mayai yote ya jike mmoja ni vinyoo kumi tu wapatao mzizi na kukua. Baada ya kizazi cha kwanza wako 10, baada ya cha pili 100, baada ya cha tatu 1,000. Mnyanya hukaa shambani muda utoshao kwa vizazi vitatu. Ndiyo sababu mche ulioingia shambani na vifundo viwili vitatu, ambavyo hakuna aliyeviangalia, huacha nyuma yake udongo uliojaa minyoo.

3. DALILI ZAKE

Juu ya ardhi dalili hudanganya, kwa kuwa zafanana na za njaa na za kiu. Mmea hudumaa, majani huwa manjano, hulegea wakati wa jua kali, na matunda huwa machache na madogo. Mara nyingi ugonjwa hauenei shamba zima kwa mara moja, ila huonekana mahali mahali, kama viraka katika nguo.

Dalili ya hakika i mizizini. Ng'oa mmea taratibu kwa jembe au kwa uma wa bustani, usiuvute kwa nguvu, maana mizizi yenye ugonjwa itakatika na kubaki chini. Oshea mizizi katika ndoo ya maji, utazame. Mizizi yenye ugonjwa ina vifundo, vingine kama punje za mtama, vingine vimeungana vikawa vinene kama kidole. Katika karoti mzizi hupasuka na kuota matawi; katika viazi ngozi huwa na chunusi.

Hapa yapasa kuangalia sana, wakulima wa maharage na kunde wasije wakang'oa mali yao bure. Mimea ya jamii ya kunde huwa na vinundu vyake vya asili, ambavyo ni neema, kwa kuwa vijidudu vilivyomo huvuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Tofauti yake ni rahisi. Kinundu chema kimeshikamana ubavuni mwa mzizi, nacho hubanduka kwa ukucha. Ukikipasua kingali kikifanya kazi, ndani ni chekundu au cha rangi ya waridi. Kifundo cha mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hakibanduki ila kwa kuukata mzizi.

Jambo jingine: mnyoo hufungulia mlango wageni wengine. Vijidudu vya mnyauko, vilivyomo udongoni, huingia kwa urahisi katika mizizi iliyotobolewa, na mmea ambao ungalistahimili adui mmoja hushindwa na wawili.

4. JINSI NILIVYOUENEZA MIMI MWENYEWE

Nitaeleza jambo ambalo si sifa kwangu, lakini lafaa kusemwa. Nilipokuwa nikifundisha kilimo katika bonde moja la milima ya Usambara, nilikuwa na kitalu changu karibu na mfereji. Udongo wake ulikuwa mlaini na maji yalikuwa karibu, kwa hiyo nilikitumia mahali pale pale miaka mitatu mfululizo. Miche yangu ilikuwa na majani ya kijani, nami niliwagawia watu wa nyumba kumi na moja, nikiona kwamba nimefanya wema.

Kabla msimu haujafika nusu, mzee mmoja alinijia asubuhi na mapema. Alikuwa amechukua mnyanya mzima, na mizizi yake ameifunga katika jani la mgomba. Baada ya mimi kumwamkia, akafungua jani lile akasema, "Bwana Shamba, mimi nilitaka nyanya. Wewe umenipa mizizi yenye majipu."

Nikamjibu kwamba bila shaka ugonjwa ulikuwa katika udongo wake. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huenda, mwanangu. Lakini jirani yangu ng'ambo ya mfereji aliotesha mbegu zake mwenyewe, naye hana majipu haya. Twende tukatazame kitalu chako."

Tukaenda. Nilikuwa nimebakiza miche kama thelathini. Nikang'oa mmoja, nikauosha mfereji­ni mbele yake, na vifundo vilikuwapo, vidogo kama punje za mtama. Nikang'oa wa pili na wa tatu, vile vile. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimefundisha habari za nafasi na samadi na kumwagilia, na sikuwa nimetazama mizizi ya miche yangu hata siku moja.

Nyanya zile zilikuwa ada ya shule ya mjukuu wake. Msichana yule alikaa nyumbani muhula mzima. Nilizunguka nyumba zote kumi na moja kuwaambia watu yaliyotokea. Katika nyumba saba miche ilikuwa imekwisha kushika udongo, na minyoo pamoja nayo. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile nilifahamu kwamba nguo yenyewe nilikuwa nimeigawa kwa mikono yangu.

5. JINSI ASAFIRIVYO

Kwa nguvu zake mwenyewe mnyoo huyu hazidi futi tatu hivi katika mwaka mzima. Asafirivyo mbali ni kwa njia hizi: kwanza, miche yenye ugonjwa, nayo ndiyo njia kubwa kuliko zote, pili, udongo ushikao jembe, miguu, viatu, kwato za ng'ombe na magurudumu, tatu, maji ya mfereji yapitayo katika shamba lenye ugonjwa na kuingia katika shamba safi, nne, mizizi na takataka za mimea zitupwazo katika shimo la mbolea kabla ya kuchomwa. Katika mbegu kavu ya nyanya hamna mnyoo huyu. Basi anunuaye mbegu na kuiotesha katika udongo safi yu salama kuliko apokeaye miche asiyoijua.

6. JARIBIO LA MAKOPO MAWILI

Mkulima atakaye kujua kama udongo wake una minyoo hahitaji darubini. Achukue udongo mahali kumi mbalimbali katika shamba, kina cha inchi sita hadi nane, auchanganye. Nusu autie katika kopo lililotobolewa chini. Nusu nyingine autie maji kidogo, auive juu ya moto, auache upoe kabisa, kisha autie katika kopo la pili. Katika makopo yote mawili apande mbegu za nyanya au matango, ayaweke mahali pamoja, ayamwagilie maji safi. Baada ya majuma sita aing'oe mimea na kuosha mizizi. Ikiwa kopo la udongo mbichi lina vifundo, na la udongo ulioiva halina, jibu ni wazi. Kazi hii ifanywe mapema kabla ya msimu, ili jibu lipatikane kabla ya kupanda.

7. NJIA ZA KUUZUIA

Hakuna njia moja iondoayo minyoo yote katika shamba. Lakini njia kadha zikitumiwa pamoja huwapunguza hata mavuno yakawa mema.

Kwanza, kitalu. Hili ndilo la kwanza kwa kuwa kitalu ni kidogo, na kazi yake yawezekana. Kihamishwe kila mwaka, kisiwe mahali palipolimwa mboga karibuni. Juu ya tuta choma kuni na matawi mengi mpaka udongo upate joto kali. Moto wa majani makavu peke yake hupita juu tu na hauwafikii minyoo. Au iva udongo wa kuoteshea katika pipa au juu ya bati, ukiwa na unyevu, na katikati yake fukia kiazi kimoja. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Uache upoe, kisha upande. Usimwagilie kwa maji yaliyopita katika shamba lenye ugonjwa.

Pili, kubadili mazao. Wengi hudhani wamebadili wanapotoka katika nyanya kwenda bilingani, kisha bamia, kisha maharage. Mimea hii yote humlisha mnyoo yule yule. Tumbaku, matango, maboga na karoti pia. Kubadili zao si kubadili chakula cha mnyoo. Hata mahindi huweza kumlisha bila kuonyesha vifundo vikubwa, kwa hiyo yasihesabiwe kuwa dawa. Mimea ifaayo ni marejea, na mara nyingi karanga, na majani ya malisho ya Rhodes. Aina ya Rhodes iitwayo Katambora imetumiwa sana na wakulima wa tumbaku huko Zimbabwe kwa ajili ya kazi hii. Shamba likiwa na majani hayo, magugu yasiachwe kati yake, kwa kuwa magugu mengi huwatunza minyoo msimu wote.

Tatu, mizizi baada ya mavuno. Usiiache shambani. Ing'oe siku ile ile umalizapo kuchuma, uikaushe, uichome. Kisha wakati wa kiangazi lima udongo na kuugeuza mara mbili au tatu, ili jua na ukavu viwafikie minyoo na mayai.

Nne, samadi na mboji iliyooza vema. Mmea ulioshiba hustahimili zaidi. Tena katika udongo wenye mboji huishi maadui wa minyoo, zikiwamo kuvu zinazotega vitanzi vidogo na kuwanasa, kama mtegaji anasavyo ndege.

Tano, mbegu zenye ukinzani. Mwaka 1944 mtaalamu mmoja wa Marekani, Smith, alifaulu kuchanganya nyanya ya kulimwa na nyanya ya mwituni ya Peru isiyoshikwa na vifundo, na mbegu nyingi zenye ukinzani zatokana na kazi hiyo. Katika pakiti za mbegu namna hizo mara nyingi huonyeshwa kwa herufi N. Lakini nguvu yake hupungua joto la udongo likizidi digrii 28, kwa hiyo mkulima wa nchi ya joto asiitegemee peke yake.

Ama dawa kali za kutia udongoni, mkulima mdogo asizikimbilie. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko California, wanaume waliotengeneza dawa ya minyoo iitwayo DBCP walionekana wamepoteza nguvu ya kuzaa. Gesi ya methaili bromaidi nayo imeondolewa katika kilimo kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, kwa kuwa yaharibu tabaka la hewa lituhifadhilo na miali ya jua. Dawa iuayo kila kitu udongoni haiulizi aliyeishika ni nani.

8. NENO KWA WENYE MIGOMBA

Katika nchi za ndizi, kama Bukoba na Buganda, kuna ndugu wa minyoo hawa ambao hawafanyi vifundo, bali huozesha mizizi ikawa na madoa mekundu meusi. Mgomba hukosa nanga, na siku ya upepo, hali umebeba mkungu, huanguka wote pamoja na kitako chake. Nao pia husafirishwa na sisi, ndani ya machipukizi tupeanayo. Kabla ya kupanda chipukizi, kata mizizi yake yote, menya tunguu mpaka libaki jeupe lisilo na doa, mbali na shamba jipya. Kisha litumbukize katika maji yachemkayo kwa muda wa nusu dakika tu, ulitoe, ulipande katika ardhi isiyokuwa na migomba yenye ugonjwa.

9. MWISHO

Mzee yule wa Usambara hakuacha kunijia. Msimu uliofuata alikuja nilipokuwa nikitoa miche katika kitalu kipya, ambacho udongo wake niliuiva kwa moto. Hakutazama majani. Alichagua miche mitano mwenyewe, akaing'oa, akaiosha, akaikunjua mizizi yake juu ya kiganja, ndipo akasema, "Sasa nipe."

Kila mkulima na afanye kama yeye. Apokeaye miche aombe kuona mizizi, hata kama mtoaji ni rafiki yake, hata kama ni Bwana Shamba. Na mtoaji asione kwamba amevunjiwa heshima, bali aoshe mizizi kwa mkono wake na kuionyesha kabla ya kuulizwa.